Miaka 47, damu siku kumi na mbili na joto la usiku: hedhi inakatika au ni maradhi?

MamaMahamri_Ngamiani

Assalaam alaykum. Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za usiku.

Naandika nikiwa barazani, saa nne na nusu, kanga nimeilowesha maji nimejifunga shingoni. Ndani wamelala wote. Hii habari nimeiandika na kuifuta mara tatu kwa haya, leo nimesema naituma.

Nina miaka 47, watoto wanne, kitinda mimba wangu ni msichana wa darasa la saba. Kazi yangu ni mahamri na mbaazi. Naamka saa tisa usiku nakanda, saa kumi na moja karai liko motoni, na wateja wangu wa mwanzo ni wavuvi wanaotoka baharini na vijana wa bodaboda. Kazi hii nina miaka kumi na tisa nayo, kwa hiyo joto la moto nalijua.

Mwaka juzi lilinianza joto la namna nyingine. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni, linajaa usoni mpaka masikio yanawaka, kama nimefunua sufuria la wali na mvuke wote ukanipiga. Dakika mbili tatu jasho linachuruzika, halafu nabaki natetemeka kwa baridi. Mwanzo nikasema ni karai. Nikalitoa jiko jikoni nikaliweka uani, nikanunua feni. Halafu likanikuta arusini. Nimekaa mkekani, sina moto mbele yangu, ni wakati wa kusi, wenzangu wamejitanda kanga kwa ule upepo, na mimi gauni limenigandia mgongoni. Hapo nikajua karai nalisingizia.

Nilikwenda zahanati moja. Nikapimwa malaria, hakuna kitu, nikapewa dawa ya malaria. Mwezi uliofuata vilevile. Mara ya tatu nikaambiwa labda presha, ikapimwa, iko sawa. Hakuna aliyeniuliza habari za siku zangu. Na mimi sikusema, kijana aliyekuwa akinihudumia ni rika la mwanangu wa kwanza.

Sasa hizo siku zangu. Tangu ujana zinakuja kila baada ya siku 28, tano zimekwisha. Mwaka huu mwezi wa tatu zilikuja baada ya siku 21. Wa nne hazikuja. Wa tano hazikuja, nikanunua kipimo cha mimba, mstari mmoja. Wa sita zikaja zikakaa siku kumi na mbili, na mabonge kama vipande vya ini. Navaa pedi mbili kubwa kwa pamoja na juu nafunga kitambaa, na bado kila saa lazima niingie chooni. Siku moja nimekaa kibaoni nakanda, nainuka, damu imepita mpaka kwenye kibao. Mwanangu wa kike ndiye aliyeosha. Mwezi huu zimerudi hivyo hivyo, leo ni siku ya tisa.

Shangazi yangu anasema ni utu uzima, hiyo ni damu mbovu, niiache itoke mwili utakate. Kuna mtu amenitumia ujumbe ana dawa ya kusafisha kizazi, shilingi elfu sitini. Jirani anasema nimechezewa.

Na mengine madogo madogo. Usingizi unakatika saa saba. Nasahau, juzi nimetia hamira mara mbili na iliki sikutia. Namfokea mteja, akishaondoka nalia. Nikibeba ndoo ya unga ulioumuka kutoka ndani mpaka uani lazima nipumzike katikati, moyo unanidunda. Na nimerudia kula pemba, ule udongo wa kula, kama mjamzito, naifuata sokoni Mgandini kila siku, na mimba sina.

Nilipovunja ungo nilitiwa ndani, somo yangu akanifunda yote: kufunga sodo, kuoga, kuhesabu siku, nani nimwambie na nani nimfiche. Zikija kukatika itakuwaje, hilo hakunifunda mtu. Namkumbuka marehemu mama, kuna miaka alikuwa akilala sakafuni sebuleni, anasema kitanda kina moto. Sisi watoto tukidhani amegombana na baba.

Naomba mniambie. Hii ndiyo hedhi inayokatika? Na damu yote hii nayo imo humo humo, nivumilie iishe? Na swala zangu nizihesabu vipi, maana Ramadhani iliyopita sikujua hata siku ipi nifunge na ipi nile.

BibiWaPangani

Marahaba mwanangu, wa alaykumu salaam. Usifute tena kitu kama hiki. Mimi nina miaka 61, nilianza mambo hayo nikiwa na 46, nikamaliza na 51. Joto lilikaa nami miaka sita. Nilikuwa nikienda kusalimia wagonjwa na kanga mbili mkobani, moja ya kujitanda na moja ya kubadilisha. Usingizi ndio ulionitesa kuliko yote. Nikilala saa tatu, saa nane macho makavu nasikiliza bahari mpaka alfajiri.

Kwa hiyo joto, usingizi, kusahau na machozi, mimi nayajua, na yamepita.

Lakini damu yako siyo niliyoiona mimi. Zangu zilikuwa zikipotea miezi miwili, zinarudi kidogo, zinapotea tena. Hizo za ndoo sikuzipata, na sitakudanganya kwamba ni kawaida.

Nikwambie la dada yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa amemaliza kabisa, miaka miwili hajaona kitu. Akiwa na 55 damu ikarudi, kidogo, rangi ya maji ya nyama. Akafurahi, akatwambia ujana umerudi. Tukacheka naye. Akakaa mwaka mzima anatwambia ujana umerudi, mpaka ilipoanza harufu na maumivu ya kiuno. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na ilikuwa imeshatembea. Kila nikikumbuka tulivyocheka nashindwa kula. Shangazi yako anakupenda, lakini neno hilo la damu mbovu usilisikilize. Nenda kesho.

MkungaMstaafu

Mama Mahamri, pole, na nashukuru umeeleza vizuri kuliko wengi wanaokuja mbele ya meza ya muuguzi. Nimekuwa mkunga miaka 31, mingi katika mkoa huu huu wetu wa Tanga. Nitakujibu kwa urefu, na nianze na kile ulichokitia mwishoni kama kitu kidogo: pemba.

Mwanamke asiye mjamzito anayetamani udongo kila siku, au barafu, au mchele mbichi, mara nyingi amepungukiwa madini ya chuma. Ukiongeza moyo kudunda ukibeba ndoo na damu ya siku kumi na mbili yenye mabonge, mimi hapa nilipo sihitaji kukuona kusema kwamba damu yako pengine iko chini. Sijui chini kiasi gani. Kipimo cha wingi wa damu ni tone moja la kidoleni na majibu hayachelewi. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 au zaidi. Chini ya 8 ni upungufu mkali. Nenda kesho hata kama bado unatoka damu, usingoje ikate. Na kabla hujafika huko, ukiona unalowesha pedi nzima kila saa kwa saa mbili mfululizo au zaidi, au unasikia kizunguzungu cha kuanguka, hiyo ni dharura, hata usiku wa manane mwamshe mtu akupeleke.

Sasa swali lako, ni hedhi inayokatika? Kwa umri wako na hilo joto, naona ndiyo, umo katika kipindi cha kuelekea huko. Wanawake wengi humaliza kati ya miaka 45 na 55, na safari ya kuelekea huko huchukua miaka kadhaa, minne hivi kwa wengi, wengine zaidi. Huhesabiwi kuwa umemaliza mpaka miezi 12 mfululizo ipite bila tone. Ukikaa miezi kumi na moja ikaja, unaanza kuhesabu upya.

Nikueleze kinachotokea kwa lugha ya kazi yako. Mwanamke anazaliwa na mayai yake yote, milioni moja mpaka mbili. Akivunja ungo yamebaki laki tatu au nne, na hayaongezeki tena. Kila mwezi mayai yanatoa homoni ya estrojeni, ambayo inaumua ukuta wa ndani wa kizazi kama hamira inavyoumua unga. Katikati ya mwezi yai moja linapevuka na kutoka, na pale lilipotoka panazalisha homoni ya pili, projesteroni. Hiyo ndiyo mkono wako unaorudi kuubonyeza unga usizidi kuumuka. Mimba isipoingia, zote mbili zinashuka, ukuta unabanduka wote kwa mara moja, siku tano umemaliza. Ukifika miaka arobaini na kitu, iko miezi ambayo yai halitoki. Hamira ipo, mkono haupo. Unga unaumuka siku arobaini, hamsini, sitini, mpaka unamwagika nje ya sufuria. Ndiyo maana ulikosa mwezi wa nne na wa tano, na wa sita ukamwaga siku kumi na mbili.

Kwa hiyo siku kuvurugika ni sehemu ya safari. Damu nyingi kiasi hicho, hata pale chanzo chake kinapokuwa hizo homoni tu, haitakiwi kuvumiliwa, kwa sababu inakumaliza. Na si lazima iwe homoni tu. Katika umri huu huu ndipo uvimbe wa fibroidi unapokuwa mwingi, na vinyama vidogo ndani ya kizazi, na tezi ya shingo isiyofanya kazi sawa, na mara chache saratani. Kwa jicho hazitofautishwi, wala kwa kusikiliza simulizi. Ndiyo sababu nataka upimwe ultrasaundi, na kwa kuwa umepita miaka 45, daktari anaweza kutaka kuchukua kipande kidogo cha ule ukuta wa ndani kipelekwe maabara. Usiogope akikwambia hivyo.

Damu ikishakata, omba pia upimwe mlango wa kizazi. Wanapaka siki nyepesi, wanangoja dakika moja, penye mabadiliko panageuka peupe. Hakuna kukatwa. Kila mwanamke wa miaka 30 mpaka 50 anatakiwa apimwe, awe anaumwa au haumwi. Na huyo kitinda mimba wako wa darasa la saba, uliza shuleni kwao kama amepata chanjo ya HPV. Nchini ilianza 2018 na inatolewa kwa wasichana kabla hawajafika miaka 15. Bibi wa Pangani, pole sana kwa dada yako. Hiyo chanjo inakinga aina zilizo hatari zaidi za virusi vya HPV, ambavyo ndivyo vinavyosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi.

Kuhusu joto: ubongo una sehemu inayopima joto la mwili. Estrojeni inapopanda na kushuka ovyo, sehemu hiyo inakuwa nyepesi kushtuka, inadhani mwili umechemka wakati haujachemka, inafungua jasho. Hudumu dakika chache. Utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi ulikuta kwamba nusu ya wale wenye joto la mara kwa mara walikaa nalo zaidi ya miaka saba, kwa hiyo sita ya Bibi si ajabu. Lakini mwenye jasho la usiku pamoja na kikohozi cha wiki mbili au kupungua uzito, hapo apimwe kifua kikuu na VVU kwanza. Nimeona wanawake wawili walioambiwa ni utu uzima kumbe ni TB.

Hiyo dawa ya elfu sitini, kaa na pesa yako. Kizazi hakioshwi kwa dawa ya kunywa wala ya kujipachika. Ukuta ule unabanduka wenyewe. Nimewapokea waliojipachika vitu hivyo, wamekuja na vidonda na usaha.

KitindaMimba_Chumbageni

Dada pole. Mimi naongeza moja tu. Nilikosa hedhi miezi mitano nikiwa na 46, nikawatangazia mashoga zangu kwamba nimestaafu. Kumbe tumbo. Sasa ana miaka mitatu anakimbia uani, namshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini mimba ile ilinipandisha presha nikalazwa wiki tatu. Umefanya vizuri kupima. Kila ukikosa, pima.

MkungaMstaafu

Kweli kabisa. Yai halitoki kila mwezi, lakini mwezi litakapotoka hutaambiwa. Aliyefika 50 aendelee kujikinga mpaka mwaka mzima upite bila hedhi. Ikikatika kabla ya 50, aendelee miaka miwili. Na walio kwenye sindano au kijiti wajue kwamba dawa yenyewe inaweza kuikata au kuivuruga hedhi, hivyo kutoona siku hakuwaambii kama wamefika mwisho au bado.

UstadhatMakorora

Wa alaykumu salaam wa rahmatullah. Nakujibu la swala kwa madhehebu ya Imamu Shafii ambayo wengi wetu hapa pwani ndiyo tunayoifuata.

Hedhi kwa uchache ni mchana na usiku mmoja, kwa kawaida siku sita au saba, na kwa wingi siku kumi na tano. Na baina ya hedhi mbili lazima pawe na siku kumi na tano za twahara, yaani bila damu, kwa uchache. Kwa hiyo zile siku zako kumi na mbili zote ni hedhi, huswali na hufungi, ikikata unaoga, swaumu unalipa, swala hulipi. Ukubwa wa umri hauigeuzi hedhi kuwa kitu kingine.

Ikivuka kumi na tano, umeingia katika istihadha, damu ya maradhi. Hapo kuna siku zitakazohesabiwa hedhi kwa kutazama rangi na nguvu ya damu, au kwa ada yako, yaani mazoea ya siku zako za zamani, na zilizobaki unaswali na unafunga. Unajisafisha, unafunga kitambaa vizuri, unatia udhu wakati wa kila swala ya faradhi ukishaingia. Kwa hiyo chukua daftari, andika tarehe ilipoanza, ilipokata, na rangi. Ukija kwetu na daftari nakupa jibu lako mwenyewe siku hiyo hiyo. Wengi wanakuja wanasema "tangu juma lile", na hapo kazi inakuwa ngumu.

Na katika Ramadhani usijilazimishe kufunga damu ikiwa imekuishia. Mgonjwa ana ruhusa yake.

MkungaMstaafu

Ustadhat, ahsante, na daftari hilo hilo amletee daktari. Aongeze idadi ya pedi kwa siku.

MwalimuRaskazone

Naomba nidandie hapa. Mimi damu haina shida, ila joto ni mara kumi na zaidi kwa siku. Nasimama ubaoni nasahau jina la mwanafunzi niliyemfundisha miaka miwili, darasa linanitazama, jasho linadondoka kwenye daftari la maandalio. Nina 50. Nimesikia kuna vidonge vya homoni, lakini mwenzangu ameniambia vinaleta saratani ya matiti. Kweli?

MkungaMstaafu

Mwalimu, hofu hiyo ina chanzo chake. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamisha sehemu yake moja mapema, kwa sababu waliokuwa wakimeza homoni za pamoja walizidi kidogo kupata saratani ya matiti na matatizo ya moyo na damu kuganda. Dunia nzima wanawake wakaacha. Baadaye takwimu zilipoangaliwa tena kwa umri, ikaonekana wengi wa walioshiriki walikuwa wameshavuka 60. Kwa mwanamke aliye chini ya 60, au ambaye hazijapita miaka kumi tangu hedhi ikatike, mwenye joto linalomharibia maisha, faida kwa wengi inazidi madhara. Hatari ya matiti ipo, ni ndogo, na inakua kadiri miaka ya kutumia inavyoongezeka.

Asiyefaa kupewa ni aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, aliyewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu, mwenye ini bovu, na anayetoka damu isiyojulikana chanzo, kwa hiyo Mama Mahamri leo si wa kumezeshwa kabla hajapimwa. Na mwenye kizazi chake hapewi estrojeni peke yake, lazima iwe na projesteroni, kwa sababu ile ile ya hamira na mkono. Wewe zungumza na daktari wa wanawake. Usiazime vidonge vya mtu.

Kusahau majina kunatisha, najua, hasa kwa mwalimu. Usingizi uliokatikakatika una sehemu kubwa humo. Kwa wengi akili hutulia baada ya safari kuisha.

FundiBaiskeli

Samahani kuingia kwenye baraza la kina mama. Mke wangu ana 49. Mwaka mzima amekuwa akinigeuzia mgongo, amehamia chumba cha watoto, usiku namsikia anafungua dirisha. Mimi nilijua kuna mtu, na nilimwambia hivyo, kwa maneno mabaya. Leo nimesoma hapa kuanzia juu mpaka chini nikiwa dukani, baiskeli ya mteja imelala chini. Nimefunga duka nakwenda nyumbani. Nimwambieje?

BibiWaPangani

Mwanzo muombe radhi. Halafu mnunulie feni, umwekee upande wake. Mengine yatakuja.

MkungaMstaafu

Na muulize kwa upole kama anaumia. Estrojeni ikipungua, uke unakuwa mkavu na ngozi yake nyembamba, tendo linakuwa kama kukwaruzwa, na mkojo unachoma mara kwa mara. Wanawake hawasemi, wanahama chumba. Kuna vilainishi vya maji famasi, na kuna krimu ya estrojeni ya kupaka kwa kiasi kidogo sana ambayo daktari anaweza kumwandikia. Umefanya jambo zuri kuuliza, baba.

MamaMahamri_Ngamiani

Assalaam alaykum. Ni wiki ya tatu leo tangu niandike. Nisameheni kwa kimya.

Asubuhi ile nilikwenda na mwanangu wa kike, yule aliyeosha kibao. Yeye ndiye aliyesema mbele ya muuguzi, mimi nilikuwa natazama sakafu. Wakanitoboa kidole. 7.8. Muuguzi akaniuliza nimekuja na nani, nimekuja na nini. Nikamwambia nimekuja kwa miguu. Akanikalisha.

Ultrasaundi imeonyesha fibroidi mbili, kubwa ina sentimita nne na imesukuma ndani. Baada ya damu kukata nikarudi, siki imepakwa, hakuna doa. Kipande cha ukuta kimechukuliwa, kuliuma kama uchungu wa mwanzo wa kuzaa kwa dakika moja, majibu ni Alhamisi. Nimepewa vidonge vya kuongeza damu, na vingine vya kupunguza damu inayotoka, nivimeze siku za hedhi tu. Daktari, ni mwanamke mtu mzima, amenieleza pia habari ya kitanzi chenye homoni ambacho kinaifanya damu iwe kidogo, lakini amesema tungoje majibu kwanza, na tuone hizo fibroidi zimekaa wapi hasa.

Nilivyomuuliza kuhusu damu mbovu alinishika mkono. Akaniambia ile ilikuwa damu yangu nzima, nzuri, niliyokuwa nikiihitaji.

Vidonge nameza na juisi ya machungwa ya Muheza, chai nimeisogeza mbele saa mbili, hilo limenishinda kuliko yote kwa sababu mpika mahamri bila chai alfajiri ni mateso. Choo kimekuwa cheusi, nikashtuka, mwanangu akanisomea kwenye karatasi kwamba ni dawa. Pemba sijanunua tangu wiki iliyopita, hamu imekatika yenyewe. Yule mama wa sokoni ameniita kwa mbali akidhani nimemhama.

Joto bado lipo, usiku mara mbili tatu. Lakini ndoo naifikisha uani bila kuitua.

Mdogo wangu ana 42, jana nimemwita barazani nikamweleza yote, hata ya mama na kile kitanda. Tumelia kidogo. Yeye anasema baba naye siku hizo alikuwa akitandika mkeka, analala sakafuni pembeni yake. Mimi sikumbuki hilo. Yeye anakumbuka.

Ustadhat, daftari ninalo. Nitakuja Ijumaa.

MkungaMstaafu

Alhamdulillah. 7.8 na ulikwenda kwa miguu, Mungu amekulinda. Baada ya wiki nne tangu uanze vidonge urudi kupima damu, usikubali kuambiwa uso umerudi rangi inatosha. Ikifika 12 endelea kumeza kama miezi mitatu mingine, akiba ya mwili nayo inataka kujazwa. Wengi wanaacha wakisikia nguvu zimerudi, hedhi mbili baadaye wamerudi pale pale. Ikikuchoma tumbo, meza baada ya chakula au waambie wakubadilishie, usiache.

Alhamisi ukipata majibu tuandikie, hata kama ni usiku.